Msaada wa Maafa na Orodha ya Majina



Kila jirani zetu wanapopatwa na maafa tunaombwa mchango, na kila mara tunaulizana kazini: je, utamfikia nani? Swali hili ni la haki. Tulieleze kwa mfano wa Msumbiji.

Nchi hiyo ina pwani ndefu, na mito mikubwa kama Zambezi na Limpopo huteremkia huko kutoka nchi nyingine. Mwaka 2000 mafuriko yaliua watu 700 hivi. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga mji wa Beira. Katika Msumbiji peke yake watu zaidi ya 600 walikufa, na mahindi yalizama mavuno yakiwa yamekaribia.

Mashirika ya nje yalileta chakula, mahema na dawa. Kipindupindu kilipozuka, chanjo ya kunywa ilianza kutolewa tarehe 3 Aprili, dozi karibu 900,000. Kazi hiyo iliokoa maisha, wala hatuidharau.

Lakini chakula cha msaada hugawanywa kwa orodha. Kiongozi wa mtaa huandika majina, na asiyeandikwa hapati. Mwaka huo huo shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kwamba viongozi fulani wa mitaa waliwalazimisha wanawake kufanya nao mapenzi ndipo wapewe chakula. Gunia lilivuka bahari salama, likazuiliwa mlangoni.

Sisi wa chama jambo hili si geni kwetu. Orodha ya vibarua ikikaa mfukoni mwa mnyapara, kazi hugeuka kuwa hisani yake. Ikibandikwa ukutani, kila mtu huisoma na kuuliza.

Msumbiji ina mfano mzuri pia. Baada ya mafuriko ya 2000, wanavijiji wa bonde la mto Buzi walisaidiwa na Wajerumani kuunda kamati zao. Wa juu ya mto walipima mvua na kina cha maji, wakawaarifu kwa redio wenzao wa chini ili wahame mapema. Msaada wa namna hiyo huwaachia watu umoja wao na ujuzi wao.

Basi tukiombwa mchango, tutoe, na tuulize mambo matatu: Nani anaandika orodha? Imebandikwa wapi? Aliyeachwa atalalamika kwa nani? Aliyepoteza nyumba haombi hisani. Anadai haki yake, kama sisi tunavyodai mshahara wetu.