Machicha Yafaa, Makombo Yana Hatari

Viwanda vya bia, vya kusaga nafaka na vya kutengeneza jibini hubakiwa kila siku na vitu vingi ambavyo mwanadamu havili. Kwa mfugaji wa nguruwe vitu hivyo ni akiba, kwa sababu chakula ndicho kinachomaliza sehemu kubwa ya fedha zake.

Watu wa Parma, katika Italia, walilitambua jambo hili zamani. Kilo moja ya jibini gumu huhitaji lita 10 za maziwa au zaidi, na karibu maziwa yote hayo hubaki kuwa maji yenye rangi ya kijani hafifu. Ndani yake mna sukari ya maziwa na protini chache lakini bora sana. Wakulima wa huko huwanywesha nguruwe maji hayo, na mapaja ya nguruwe hao hukaushwa kwa chumvi yakauzwa duniani kote.

Katika Uganda na jirani zake, kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni machicha ya bia. Robo tatu ya uzito wake, au zaidi, ni maji. Lakini yakikaushwa huwa na protini nyingi kuliko pumba za mahindi. Yana makapi mengi pia, kwa hiyo yanamfaa nguruwe mkubwa, hasa jike mwenye mimba, wala si mtoto aliyeachishwa kunyonya juzi. Kwa joto la huku machicha mabichi huchacha na kuota ukungu baada ya siku mbili tatu. Yaanikwe juani juu ya turubai, au yashindiliwe ndani ya pipa pamoja na molasi kidogo na kufunikwa barabara hewa isipenye. Yaliyoota ukungu yatupwe, hata kama yalinunuliwa kwa fedha nyingi. Wale ambao dini yao inawakataza nguruwe nao wasiyadharau machicha, maana ng'ombe wa maziwa huyapenda.

Anayetaka nguruwe wake waitwe wa kilimo hai ana kazi ngumu zaidi. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2022 hutaka mabaki yenyewe yatokane na mazao ya kilimo hai. Mashudu yaliyotolewa mafuta kwa kemikali hukataliwa; yaliyokamuliwa kwa mashine tu hukubaliwa. Watoto hunyonya siku 40 kwa uchache, na nguruwe hupewa majani, mabichi au makavu, kila siku. Afrika Mashariki nayo ina kanuni zake tangu mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai.

Lakini makombo ya mezani ni jambo jingine, na hapa ndipo familia za kambini zapaswa kuangalia sana. Jiko la kikosi hutoa ndoo nzima za makombo, na ndani yake huweza kuwamo kipande cha nyama ya nguruwe mgonjwa. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kutoka Kenya mwaka 1921, ilifika Lisbon, Ureno, mwaka 1957. Nguruwe walikuwa wamelishwa mabaki ya chakula cha ndege za abiria. Ugonjwa huo haumdhuru mwanadamu, lakini hauna dawa, na huweza kumaliza zizi zima kwa siku chache. Ulaya imepiga marufuku kabisa kuwalisha nguruwe makombo ya jikoni.

Mahali ambapo hayakukatazwa, makombo yachemshwe kwa nusu saa nzima huku yakikorogwa, ndipo yapozwe. Ndoo ya makombo mabichi isitumike kupelekea yaliyochemshwa. Maji yaliyooshewa nyama ya nguruwe nayo yamwagwe shimoni, mbali na zizi.