MALI BILA DAFTARI

Wenzangu, wengi wetu twatamani kusomea mawasiliano chuo kikuu tuwe watangazaji. Hebu niwaeleze jambo moja. Kule, mwanafunzi hupelekwa redioni au gazetini kujifunza kazi, ile wanayoiita "atachimenti", kwa kawaida majuma 8 hadi 12. Katika vyuo vingi huhesabiwa kama somo na hutiwa alama.

Lakini jasho peke yake halileti alama. Kila siku unaandika ulichofanya katika daftari maalumu, msimamizi kazini anatia sahihi, mhadhiri anakuja kukukagua, mwishowe unaandika ripoti.

Dada yangu alitafuta habari kutwa kucha, daftari akalisahau. Kuja kushtuka, msimamizi wake kahama. Ilibidi arudie majuma yote 12!

Ama kweli, mali bila daftari hupotea bila habari.