Wimbo Mmoja, Sheria Mbili: Hakimiliki na Intaneti Unguja

Hakimiliki ni haki anayopewa mtunzi juu ya kazi yake: kuinakili, kuisambaza, kuifasiri, kuipiga au kuiigiza mbele ya watu na kuirusha hewani. Zanzibar haki hiyo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki Namba 14 ya mwaka 2003, chini ya usimamizi wa ofisi ya hakimiliki, COSOZA. Tanzania Bara ina sheria yake, Namba 7 ya mwaka 1999, na ofisi yake, COSOTA. Sheria zimekuwa mbili ndani ya nchi moja kwa sababu hakimiliki haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Posta na simu zimo. Kwa hiyo mtandao unaopitisha wimbo kutoka Mji Mkongwe hadi Mwanza unasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa pande zote mbili, ilhali haki ya aliyeutunga inaangaliwa kwa sheria ya upande mmoja mmoja. Zama za kaseti mgawanyo huu haukusumbua sana, maana kaseti ilipita bandarini. Faili la muziki halipiti bandarini.

Kendwa, kijiji cha ufukweni kaskazini ya Unguja, kinajulikana kwa sherehe za mwezi mpevu, ambapo wageni na vijana wa kisiwani hukusanyika na muziki hupigwa hadi usiku wa manane. Hoteli inayopiga muziki kwa wateja wake inaupiga mbele ya umma kwa macho ya sheria, hata kama nakala ya wimbo imenunuliwa kihalali. Kununua nakala hakumpi mtu ruhusa ya kuipigia hadhara. Ndiyo maana hoteli, baa na vituo vya redio hutakiwa kulipia leseni, na fedha hizo ni chanzo kimoja cha mirabaha ya wasanii. Mfumo huo ulijengwa kwa ajili ya mahali panapofikika: ofisa anaweza kwenda Kendwa, akaingia, akasikia kinachopigwa. Anayeusikiliza wimbo huohuo kwenye simu yake hana mlango wa kubishiwa hodi. Hapo malipo hutegemea mkataba wa msanii na kampuni iliyo ng'ambo, na msanii ambaye wimbo wake umepakiwa na mtu mwengine haoni senti mpaka adai.

Ufukwe huohuo unafundisha jambo jengine ambalo wengi hulikosea. Maduka yake yanauza picha za tingatinga, mtindo uliopewa jina la Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Sheria hailindi mtindo. Inalinda picha mahsusi iliyochorwa na mtu mahsusi. Kila mchoraji ana ruhusa ya kuchora chui na ndege kwa rangi kali za mafuta, lakini hakuna mwenye ruhusa ya kuipiga picha kazi ya mchoraji aliye hai, akaiweka mtandaoni na kuichapa kwenye fulana za kuuza bila idhini yake. Mchoraji huyo halazimiki kusajili chochote ili alindwe, kwani haki huzaliwa pamoja na kazi. Hivyo ndivyo unavyotaka Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Tanzania iliingia mwaka 1994. Usajili unasaidia hasa pale ugomvi unapofika mahakamani na kila mmoja anasema kazi ni yake.

Haki hiyo ina mwisho. Kanuni ya kawaida Tanzania ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, ikihesabiwa hadi mwisho wa mwaka. Picha za Tingatinga mwenyewe, kwa hesabu hiyo, zilitoka katika ulinzi mwisho wa 2022, na sasa ni mali ya umma.

Kwa taarabu hesabu ni ngumu zaidi, na hapa ndipo Zanzibar ina mengi ya kupoteza. Mwimbaji Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akafariki mwaka 1950. Wimbo alioutunga mwenyewe ulikuwa huru ilipoanza 2001. Lakini katika taarabu mashairi mara nyingi hutungwa na mtu mmoja, muziki ukatiwa na mwengine na sauti ikawa ya wa tatu. Muda wa shairi hufuata kifo cha mshairi, si cha mwimbaji. Rekodi yenyewe nayo ina haki zake, zinazoitwa hakishiriki, za mwimbaji na wapigaji pamoja na aliyegharamia kurekodi. Kikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kina nyimbo za vizazi kadhaa vya watunzi. Asiyejua nani alitunga nini na alifariki lini hawezi kuomba ruhusa wala kujua kama ruhusa inahitajika. Rekodi hizo zimezagaa mtandaoni, nyingi bila jina la mshairi, na kila jina linalopotea ni familia inayokosa haki yake. Kazi ya kuandika orodha kamili ya watunzi, wangali hai wanaowakumbuka, ina thamani zaidi kuliko msako wowote wa maduka yanayoingiza nyimbo kwenye memori kadi.

Namna ya kuondoa kazi iliyopakiwa bila ruhusa ndiyo sehemu yenye mvutano mkubwa kati ya hakimiliki na intaneti iliyo wazi. Kenya ilirekebisha sheria yake mwaka 2019: mwenye haki akipeleka notisi, mtoa huduma ana saa 48 za kuzuia kazi inayolalamikiwa, isipokuwa apate pingamizi. Kanuni hizo zilifika mahakamani pale kampuni ya televisheni ya MultiChoice ilipozishitaki kampuni za mtandao za Safaricom na Jamii Telecommunications kwa ajili ya tovuti zinazorusha mpira bila kibali, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru tovuti 141 zizuiwe. Ubora wa utaratibu wa Kenya ni ile nafasi ya pingamizi, na kwamba notisi ya uongo ni kosa. Bila ya hayo, mtu anaweza kumnyamazisha mwandishi kwa kisingizio cha hakimiliki.

Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, imeweka utaratibu wa notisi na pia adhabu. Anayekusudia kuvunja haki za ubunifu kwa kompyuta, hata bila ya biashara, anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Akifanya biashara, faini huanzia milioni 20. Kiwango hicho cha chini ni kizito mno kwa mwanafunzi wa skuli aliyesambaza kitabu kwa wenzake.

Sheria za hakimiliki, hata hivyo, zinaacha nafasi kwa msomaji. Kunukuu kwa kiasi na kumtaja mtunzi, kufundishia, kuripoti habari na kujisomea binafsi kunaruhusiwa kwa masharti. Mtunzi naye anaweza kufungua mlango mwenyewe kwa leseni huria za Creative Commons, zinazompa kila mtu ruhusa ya kunakili mradi amtaje na kufuata masharti ya leseni. Makala za Wikipedia ya Kiswahili zinatolewa hivyo, na jarida la Swahili Forum la Ujerumani linasomwa mtandaoni bila malipo.

Kusoma bila malipo hakuna maana mtandao ukizimwa, kama ilivyotokea nchini mwishoni mwa Oktoba 2025 wakati wa uchaguzi. Siku hizo hasara iliwafika hata wanaolindwa na hakimiliki, kwani msanii anayeuza nyimbo zake mtandaoni hakuwa na soko.

Kwa wasioona, kizuizi kilikuwa sheria yenyewe: kukigeuza kitabu kuwa cha nukta nundu au cha sauti kulihitaji ruhusa. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaiondoa haja hiyo, na kuruhusu nakala hizo zivuke mipaka. Tanzania iliingia mwaka 2020. Mikataba husainiwa na Jamhuri ya Muungano, lakini kubadili sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ni kazi ya Baraza la Wawakilishi, na hapo ndipo skuli na maktaba za Unguja na Pemba zinapopaswa kupeleka madai yao.