Vita vya maji vya Bolivia vilipata soko duniani, ndiva za Vudee bado

UKIACHA barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha pale Makanya, ukapita Bangalala na kuanza kupanda kuelekea Vudee, wilayani Same, utakutana na kitu ambacho mgeni hukipita bila kukitazama mara mbili. Ni bwawa dogo lililozungushiwa ukingo kando ya mfereji. Wenyeji wanaliita ndiva. Usiku maji ya kijito huachwa yajae humo, asubuhi tundu linazibuliwa, na maji yanakwenda mashambani kwa zamu.

Hiyo zamu ndiyo yenye maneno. Vudee iko juu, Bangalala iko chini, na mto ni huo huo mmoja. Vuli ikikatika mapema, mahindi yakiwa yanataka kutoa mbelewele, mtu wa chini huanza kuuliza aliyeko juu amefanya nini na maji ya usiku. Kwa mkulima wa huku tofauti ya kuvuna na kutokuvuna inaweza kuwa zamu moja iliyomruka.

Habari kama hiyo ya mlimani, ya maji na wakulima wenye hasira, ilijaza kumbi za sinema Toronto mwaka 2010 na Berlin mwaka 2011. Haikuwa ya Upareni. Ilitoka Cochabamba nchini Bolivia, ikasimuliwa kwa Kihispania, na waliolipa kiingilio kuitazama wengi wao hawajui neno la lugha hiyo.

Filamu yenyewe inaitwa También la lluvia, yaani ‘Hata Mvua’. Aliyeiongoza ni Icíar Bollaín wa Hispania na aliyeiandika ni Paul Laverty. Jina hilo linatokana na malalamiko ya kweli. Mwaka 1999 serikali ya Bolivia ilikabidhi maji ya Cochabamba kwa kampuni ya Aguas del Tunari, ambayo kampuni ya Bechtel ya Marekani ilikuwa na hisa ndani yake. Mwanzoni mwa 2000 ankara zikapanda ghafla. Wakulima wa umwagiliaji, waliokuwa na visima na mifereji yao waliyoichimba wenyewe, wakaona nayo inaelekea kuchukuliwa. Watu wakasema sasa kilichobaki ni kuombewa kibali cha kukinga maji ya mvua. Waliingia barabarani, kijana wa miaka 17 akauawa kwa risasi, na Aprili mwaka huo mkataba ukavunjwa. Wakazi wa Dar es Salaam wanaoikumbuka City Water, iliyoanza kazi mwaka 2003 na kuondolewa 2005, hawatahitaji maelezo marefu.

Bollaín hakuisimulia kavukavu. Ndani ya filamu yake kuna watu wa filamu kutoka Hispania waliokwenda Bolivia kupiga picha ya habari za Christopher Columbus, na wameichagua nchi hiyo kwa sababu watu wake ni wa bei rahisi. Wanavijiji wanalipwa dola 2 kwa siku ili wajaze umati. Siku moja mtayarishaji anazungumza kwenye simu kwa Kiingereza na wenye fedha, akijigamba jinsi alivyowapata watu kwa hizo dola 2. Aliyesimama karibu yake ni Daniel, mwanakijiji aliyewahi kufanya kibarua Marekani, na Kiingereza anakielewa. Dalali yeyote wa mahindi aliyewahi kutaja bei halisi kwa simu huku mwenye gunia akimsikiliza ataelewa sura ya mtayarishaji yule ilikuwaje.

Sasa, filamu ya namna hiyo inafikaje kwa mtazamaji wa Ujerumani au Kanada?

Jibu ni matamasha, na tamasha kubwa la filamu, ukiacha mazulia mekundu na picha za magazetini, ni soko. Mkulima wa kahawa atalielewa haraka akifikiria mnada wa Moshi. Kahawa haipandi bei kwa sababu mwenyewe anaisifu. Sampuli inakaangwa, waonjaji wanaionja, inapewa daraja, na hapo mnunuzi ananyoosha mkono. Kwenye tamasha filamu huonyeshwa mbele ya wasambazaji na vituo vya televisheni, majaji wanaipa daraja lao, na haki za kuionyesha zinauzwa nchi moja baada ya nyingine. Berlin mwaka 2011 watazamaji wenyewe walipiga kura na kuipa ‘Hata Mvua’ tuzo yao katika kundi la Panorama. Tuzo ya aina hiyo humwambia mnunuzi jambo moja tu analotaka kulijua: watu walikaa mpaka mwisho.

Nyingine zilipita njia hiyo hiyo. Ixcanul ya Jayro Bustamante wa Guatemala ilipata Dubu wa Fedha Berlin mwaka 2015. Ni habari ya binti wa kibarua katika shamba la kahawa kwenye miteremko ya volkano. Wazazi wanataka aolewe na msimamizi wa shamba, maana wakimuudhi huyo bwana hawana pa kulala wala pa kulima. Utama ya Alejandro Loayza Grisi wa Bolivia ilichukua tuzo kuu ya filamu za nje huko Sundance, Marekani, mwaka 2022. Hiyo inamhusu mzee mfugaji na mkewe katika nchi iliyokaukiwa na mvua, na wawili hao ni mume na mke kweli, hawakuwa waigizaji kabla ya hapo.

Hapa kuna jambo ambalo wafanyabiashara wa filamu wa kwetu wangelitazama vizuri. Watu wa Utama wanazungumza Kikechua zaidi, na wale wa Ixcanul wanazungumza Kikaqchikel, huku Kihispania kikiingia pale mtu wa mjini anapotokea. Lugha ya kijijini haikuzuia mauzo. Maandishi ya chini yalifanya kazi yake. Kwa hiyo anayedhani filamu ya Chasu haiwezi kuuzwa nje ya Same ana ushahidi wa kuufikiria upya.

Lakini isidhaniwe kwamba watu hao waliokota fedha njiani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi za Amerika ya Kilatini pamoja na Hispania na Ureno zina mfuko wa pamoja uitwao Ibermedia. Kila nchi inachangia, na watayarishaji wa nchi mbili au zaidi wanaoungana kutengeneza filamu wanaomba humo. Mwaka 2002 tamasha la San Sebastián la Hispania na lile la Toulouse la Ufaransa yalianzisha utaratibu wa kuonyesha filamu za Amerika ya Kilatini zikiwa bado hazijakamilika. Mtu aliyeishiwa fedha katikati analeta alichonacho, wenye mitaji wanatazama, anayependa anamsaidia kumalizia. Ni kama kuuza tangawizi ingali ardhini, ila hapa mwenye shamba habanwi na shida ya ada ya shule hadi akubali bei yoyote.

Tanzania nayo haikuanza jana. Kwa miaka mingi sinema za nje zilimfikia mwananchi wa kawaida kupitia vibanda vya video, na pale palikuwa na watu kama marehemu Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyezisimulia kwa Kiswahili mpaka Mchina na Mhindi wakawa kama wamezaliwa Temeke. Mwaka 1998 tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lilifanyika kwa mara ya kwanza, na baadhi ya maonyesho yake yakapelekwa mpaka vijijini Unguja na Pemba. Huko Tarifa, kusini mwa Hispania, tangu 2004 kuna tamasha la filamu za Afrika ambako Wahispania nao hutazama habari zetu kwa maandishi ya lugha yao. Na Septemba 2021 Vuta N’kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto ikiwa ya Kiswahili, kisha mwaka 2022 ikapelekwa na Tanzania kuwania Oscar. Kabla yake nchi ilikuwa imefanya hivyo mara moja tu, kwa Maangamizi mwaka 2001.

Kwa hiyo njia ipo. Mzigo wa Upareni ndio haujateremshwa.

Na mzigo huo si ndiva peke yake. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani hadi Same kupinga kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa kuhesabu mali ya kila mtu. Walikaa pale bila kupiga mtu wala kuchoma kitu, na baadaye wanawake nao wakaingia katika mgomo huo. Kabla muongo haujaisha kodi ile ilikuwa imeondolewa. Profesa Isaria Kimambo aliiandikia kitabu mwaka 1971. Cochabamba walipata filamu miaka 10 baada ya tukio lao. Mbiru imeshapita miaka 80.

Siku mtu atakapopanda na kamera, Vudee itabidi iwe imejipanga. Mpiga picha za filamu anatakiwa awe na kibali cha Bodi ya Filamu, na serikali ya kijiji ina haki ya kukiona kabla hajafunga mguu wa kamera kwenye ukingo wa ndiva. Baada ya hapo yaje mazungumzo ya malipo: ya siku kwa watakaoonekana, ya chakula na malazi kwa akina mama watakaopika, ya fidia kama maji yatafungwa siku mbili kwa ajili ya picha na zamu ya watu ikaharibika. Yote yaandikwe na kusainiwa, nakala moja ibaki ofisi ya kijiji.

Gumu zaidi ni fungu la baadaye. Malipo ya siku huishia siku hiyo, wakati filamu huendelea kuuzwa miaka na miaka. Kijiji kinaweza kudai asilimia ndogo ya mauzo, au mradi unaoonekana, kwa mfano kukarabati ndiva inayovuja. Mtayarishaji atasema bajeti ni finyu, na mara nyingi atakuwa anasema kweli. Ila asilimia haitoki kwenye bajeti. Inatoka kwenye mauzo, na kama mauzo hayakuwapo hakuna anayemdai mwenzake.

Kwa kijana wa Same anayetaka kupiga picha mwenyewe, kuna kosa moja linalowagharimu wengi. Matamasha makubwa hutaka yawe ya kwanza kuonyesha filamu. Ukiiweka yote kwenye intaneti ili marafiki waipende, milango ya Berlin na Toronto unaweza kuwa umeifunga mwenyewe. Aanze na kipande kifupi cha dakika 2 cha kuonjesha, filamu nzima aifungie kabatini mpaka majibu ya barua zake yarudi.