Lugha ya Tenisi (Sehemu ya Pili): Kumi na Tano, Bila

Wiki iliyopita tulieleza uwanja: urefu wa mita 23.77, na wavu unaoshuka hadi sentimita 91.4 katikati. Leo tunaingia katika hesabu ya pointi, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kwetu Kwale, viwanja vya tenisi vipo katika baadhi ya hoteli za Diani, lakini kwa kijana wa Ukunda au Msambweni mchezo wenyewe bado ni wa wageni. Gharama ya raketi ni kikwazo, sikatai. Hata hivyo, nashikilia kwamba maneno nayo yamefunga mlango, na mlango huo twaweza kuufungua bila senti moja. Pointi ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, na ya nne humaliza gemu. Asiye na kitu Waingereza humwita "lavu", ilhali sisi neno tunalo: bila. Mtoto anayetangaza "mbili bila" kwenye mpira wa miguu hashindwi kutangaza "kumi na tano bila". Wachezaji wakifungana 40 kwa 40, hiyo ndiyo diusi, na mshindi ni atakayepata pointi mbili mfululizo. Ya kwanza humpa faida. Akikosa ya pili, wanarudi diusi. Seti huchukuliwa kwa gemu sita, mradi tofauti iwe mbili. Wakifika 6 kwa 6 huingia taibreki, ambako pointi huhesabiwa moja, mbili, tatu, hadi saba au zaidi, kwa tofauti ileile ya mbili.

Watakuwapo wa kusema kwamba istilahi za kimataifa zisiguswe, mchezaji wetu asije akapotea ugenini. Hoja hiyo ina uzito, ila historia yaijibu. Diusi yenyewe asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya mbili. Waingereza walilikopa wakalitamka kwa namna yao. Nasi tumekopa kona na penalti, tukaunda kuotea, na soka haikupotea. Angella Okutoyi alipotwaa taji la wasichana la wachezaji wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alionyesha kwamba Mkenya anafika. Anayeuelewa mchezo kwa lugha yake hujifunza matamshi ya mwamuzi kwa siku chache. Basi walimu wa michezo wa Kwale, choreni mistari, fungeni kamba iwe wavu, na watoto wahesabu kwa sauti: kumi na tano, bila.