Nukta Zilizopotea Kwenye Kioo

Kila aliyepita chuoni akashika ubao anajua uzito wa nukta. Moja chini ni be, mbili juu ni te. Na wazee wetu walipotaka kuandika pe, herufi ambayo Waarabu hawana, waliongeza nukta tatu chini. Zikiungana nukta, msomaji atasoma "baba" pahali pa "papa". Kwa hivyo wasomaji wasishangae kuona habari ya kompyuta katika ukurasa huu wa utamaduni.

Hapa Shela, mtaa wa kale wa Malindi wenye Msikiti wa Ijumaa na yale makaburi ya mnara, yuko mzee aliyerithi daftari za tungo kwa babu yake, zote kwa hati za Kiarabu. Mchwa walikuwa wameshaanza kuzila. Wajukuu wakazipiga picha, wakazitia katika kompyuta kuukuu ya mezani ili mzee azinakili kwa herufi za Kirumi maadamu yuhai, kwani nyumbani mle hakuna mwengine azisomaye. Kisha wakabadilisha Windows, wakatia ile ya 10. Kompyuta iliwaka, lakini sura zilivutika kama mpira, herufi zikanenepa, nukta zikashikana.

Wengi hapo husema kadi ya picha imekufa. Si lazima. Kadi hiyo, ambayo kazi yake ni kupeleka sura kwenye kioo, haielewani na Windows ila kwa programu ya katikati ambayo mafundi huiita draiva. Ikikosekana, Windows hutumia yake ya dharura, nayo huonyesha sura kwa vipimo vichache tu. Mimi naiona draiva kama rubani. Mwaka 1498 Sultani wa Malindi alimpa Vasco da Gama rubani wa kumvusha hadi Calicut. Wareno walijua kuendesha vyombo. Wasichokijua ni njia ya bahari hii. (Rubani yule alikuwa nani hasa, wanazuoni wangali wanabishana, nasi tuwaachie.)

"Ami," kijana fundi alimwambia mzee, "nimetia draiva mpya kabisa, na kadi haiitaki."

"Mwanangu, basi itafutie ya rika lake."

Mzee hajasomea kompyuta, lakini alipiga penyewe. Kadi ile ni GeForce 8400 GS, ya mwaka 2007. Draiva ya mwisho ambayo NVIDIA waliwatolea wa rika hilo ni namba 342.01, ya Desemba 2016. Zilizofuata hazimjui.

Mwenye shida kama hii, kabla ya kugusa lolote, na anakili picha zake kwenye flashi mbili. Halafu aitafute kadi katika orodha ya vifaa vya Windows. Hata isipojulikana jina, ina alama ya kiwanda: 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 8086 ni Intel. Aangalie pia kama Windows yake ni ya biti 32 au 64, kwani draiva ya moja haiingii katika nyengine. Aondoe mabaki ya draiva iliyokataliwa, ndipo atie inayofaa, aliyoichukua kwa kiwanda chenyewe. Zile programu za bure zinazojigamba kutafuta draiva zote kwa mara moja mimi siziamini hata kidogo. Nyingi huja na wageni wasioalikwa.

Windows 10 nayo iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kuukuu haziwezi kupokea ya 11. Njia iliyobaki ni Linux. Humo mna Nouveau, draiva iliyoanzishwa na watu wa kujitolea waliozichungua kadi za NVIDIA mpaka wakafahamu mwendo wake, na tangu 2010 imo ndani ya Linux yenyewe. Haina kasi ya kuchezea michezo, lakini kwa kusoma hati yatosha.

Na kwa sisi tunaokaa kando ya bahari, kabla ya kulaumu draiva, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, itoe kadi na utazame meno yake ya rangi ya dhahabu. Hewa ya chumvi huyatia kutu na utando. Yafute polepole kwa raba ya penseli, pangusa unga wake, uirudishe mpaka ikae sawasawa.