Ukwangala na Habari za Kazi: Desturi ya Kupashana Ajira Kyela

Katika nchi tambarare ya Kyela, iliyo kati ya milima ya Livingstone upande wa mashariki na mto Songwe upande wa magharibi, na inayoishia kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, habari ya kazi husafiri kwa kufuata desturi zilizotangulia gazeti, redio na simu. Wanyakyusa, ambao ndio wengi katika wilaya hiyo, wamezoea kuipokea habari ya namna hiyo kutoka kwa mtu wanayemfahamu, mbele ya wenzao wanaoweza kumuuliza maswali. Ndiyo maana tovuti ya matangazo ya ajira inayotaka kujulikana huko, hata ikiwa na nafasi nyingi na za kweli, haiwezi kufaulu kwa kubandika tangazo katika makundi ya mijadala ya mtandaoni na kuondoka. Makundi hayo yana wenyewe, na wenyewe wana taratibu zao.

Chimbuko la taratibu hizo ni kijiji cha rika, yaani kijiji kilichokaliwa na wanaume wa umri mmoja pamoja na wake zao na watoto wao wadogo. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza kwamba mvulana alipofikia umri wa miaka 10 au 11 aliacha kulala kwa baba yake, akajiunga na wenzake waliojijengea vibanda kando ya kijiji cha wazazi. Shamba la baba aliendelea kulilima, na chakula aliendelea kukipata kwa mama yake, ila hakwenda kula peke yake, bali alifuatana na wenzake, wakizunguka kutoka kwa mama wa huyu hadi kwa mama wa yule. Maisha hayo yaliongozwa na ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzi kwa mazungumzo, kwa chakula na kwa kinywaji, na kunolewa akili na ubishi wao, nao ndio uliokuwa msingi wa kitabu ambacho Monica Wilson alikichapisha mwaka 1951 kuhusu vijiji hivyo. Ukwangala ulikuwa starehe, lakini ulikuwa pia wajibu, kwa kuwa mtu aliyejitenga au aliyekula kwa siri alihesabiwa mchoyo, na aliyewakosea majirani aliogopa pumzi ya watu, imani kwamba hasira na manung'uniko ya wanakijiji wenzake yangeweza kumwangusha kwa ugonjwa.

Katika mazingira hayo, mtu aliyejua jambo lenye faida hakuwa na nafasi ya kulificha, wala hakuwa na nafasi ya kulitia chumvi bila kuumbuliwa. Jambo hilo lilionekana wazi zaidi pale vijana walipoanza kwenda mbali kutafuta fedha za kodi na za ng'ombe wa mahari. Katika miaka ya 1920 na 1930 wengi walipanda kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Baadaye wengine walivuka mpaka hadi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine walikwenda Afrika Kusini kwa mikataba ya shirika la waajiri wa migodi ya Witwatersrand, lililojulikana kwa jina la Wenela, mpaka serikali ilipokomesha uajiri huo baada ya uhuru wa mwaka 1961. Mawakala wa waajiri walikuwa na ahadi zao, lakini ahadi hizo zilipimwa kwa maneno ya rika. Aliyerudi aliulizwa mshahara wa kweli ni kiasi gani, makato ni yapi, msimamizi ni mtu wa namna gani, na waliofia huko walikufa kwa nini. Tangazo la ajira lilikuwa mtu aliyerudi, akiwa amekaa mbele ya wenzake, akijibu.

Vijiji vya rika vyenyewe vilififia. P. H. Gulliver, aliyechunguza uhamaji wa vibarua na umiliki wa ardhi Unyakyusa katika miaka ya 1950, alionyesha jinsi uhaba wa ardhi na mazao ya biashara, kahawa kule juu Rungwe na mpunga huku Kyela, vilivyowafanya watu washikilie mashamba yao na kuwarithisha watoto badala ya kuhama na rika. Ukwangala hata hivyo ulipata makao mengine, ambayo ni misiba inayowarudisha nyumbani ndugu walioko Mbeya, Dar es Salaam na ng'ambo ya mto Songwe, pamoja na magulio, vijiwe vya bodaboda na vyama vya watu wa nyumbani mijini.

Makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya waliosoma pamoja, ya kwaya na ya kata ni mwendelezo wa makao hayo. Majukwaa makubwa ya kitaifa, kama JamiiForums lililoanza mwaka 2006 na ambalo lina sehemu ya nafasi za kazi na tenda, huwakutanisha watu wasiojuana. Tangazo hutoka huko likiwa halina mwenyewe, na hupata mwenyewe pale mtu mmoja anapolileta katika kundi la nyumbani na kulisemea. Kwa hiyo anayetaka kuitangaza tovuti yake ya ajira hana budi kuingia kwa mlango huo: aanze kwa kuwa mwanakundi, ajitambulishe kwa jina na kwao, aombe ruhusa kwa msimamizi wa kundi, ajibu maswali ya wengine hata yasiyohusu biashara yake, na anapoleta nafasi aeleze mwajiri ni nani, mwisho wa maombi ni lini, na yeye mwenyewe anafaidika vipi. Akiulizwa na akanyamaza, amejihukumu.

Ukali huo una sababu. Matapeli wamejifunza lugha ya matangazo ya kazi, na mbinu yao ya kawaida ni kumtaka mwombaji atume fedha ya fomu, ya sare au ya vipimo kwa njia ya simu, jambo ambalo linapaswa kumtosha mtu kukata mazungumzo. Nafasi za utumishi wa umma huombwa katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira bila kulipia maombi, na kijana wa Ipinda asiye na simu janja anaweza kusaidiwa kujaza maombi hayo katika steshenari kwa gharama ya huduma tu. Kundi lenye desturi nzuri humwondoa tapeli siku hiyo hiyo na kuiripoti namba yake kwa 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo.

Desturi hii isisifiwe kupita kiasi. Baraza la rika lilikuwa la wanaume. Wake na mabinti walizipata habari za kazi zikiwa zimechelewa, kama walizipata. Mtu asiye na ndugu mjini, mgeni aliyeolewa Ngonga, au Mkisi wa Ikombe anayeishi kwa vyungu na uvuvi, huachwa pembeni pale ajira inapobaki siri ya ukoo au ya waliosoma pamoja. Hapo ndipo tovuti inapokuwa na haki yake kamili, kwa sababu inaweka nafasi ile ile mbele ya kila mtu kwa wakati mmoja, bila kuuliza ni mtoto wa nani. Wenye tovuti hizo wanaombwa wasiwasahau wanawake na watu wa vijiji vya ufukweni wanapochagua makundi ya kuingia, na wasimamizi wa makundi wanaombwa wamfungulie mlango yeyote anayeleta kazi ya kweli na yuko tayari kuulizwa.